Kupima Unyevu wa Nafaka kwa Maikrowevu Bila Kuigusa

Mahindi yanayohifadhiwa kwa muda mrefu yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 hupata joto na kuota ukungu, na baadhi ya kuvu hao huzalisha sumukuvu isiyoondoka kwa kupikwa. Kukausha kupita kiasi nako ni hasara: kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi asilimia 13 hubaki kilo 94 hivi, lakini zikifikishwa asilimia 10 hubaki 91 tu, na nishati nayo imeteketea bure. Ndiyo maana inafaa kuupima unyevu nafaka ikiwa bado inatoka kwenye kikaushio, bila kuisimamisha.

Maikrowevu, yaani mawimbi ya redio yenye urefu mfupi, huwezesha hilo kwa sababu molekuli ya maji ina ncha chanya na ncha hasi, nayo hujigeuza kulifuata wimbi linalopita, jambo ambalo wanga na protini za punje hulifanya kwa kiasi kidogo mno. Antena moja hurusha wimbi, nyingine hulipokea upande wa pili wa nafaka, na kadiri maji yanavyozidi ndivyo wimbi linavyofika limedhoofika na kuchelewa zaidi. Nguvu inayotumika ni ndogo sana ikilinganishwa na ya jiko la maikrowevu, hivyo punje hazipati joto na mbegu haidhuriki.

Jambo linalowakosesha wengi ni msongamano. Nafaka iliyoshindiliwa huweka maji mengi zaidi kwenye njia ya wimbi kuliko iliyolegea, hata kama unyevu wake ni uleule, na kifaa kinachosoma kudhoofika kwa wimbi peke yake kitadanganyika. Kinachopima kudhoofika pamoja na kuchelewa, kisha kikalinganisha vipimo hivyo viwili, hupunguza sana kosa hilo. Kabla ya kununua, ningeuliza hili kwanza kuliko swali lolote lingine.

Joto nalo hubadilisha usomaji, kwa hiyo kipimajoto kiwekwe palepale wimbi linapopita. Kila zao huhitaji marekebisho yake ya kifaa: chukua sampuli zenye unyevu wa viwango mbalimbali, zipitishe kwenye kifaa, kisha zikaushe katika tanuri la maabara (mahindi yasiyosagwa huhitaji nyuzi 103 za Selsiasi kwa saa 72) na ulinganishe matokeo. Marekebisho ya mahindi yasitumiwe kwa mpunga wala maharage.

Kwa kuwa wimbi halipenyi chuma, mfereji wa nafaka huwekewa madirisha ya plastiki mbele ya antena. Vumbi lenye unyevu likigandamana hapo litahesabiwa kama maji ya nafaka, hivyo madirisha yafutwe kabla ya kazi kila siku, na usomaji wa mfereji mtupu uandikwe daftarini ili badiliko lolote lionekane mapema.