Zawadi za Krismasi Zisizoingia Kutu: Namna ya Kuzitunza

Luka 2:19 inasema Mariamu "akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake." Kuna vitendo viwili hapo, kuweka na kufikiri, na wengi hawafanyi hata kimoja. Msamaha na tumaini lililopokelewa Desemba husahaulika kabla karo ya Januari haijalipwa. Utaratibu huu wa kuziweka na kuzifikiri zawadi hizo unaanza tarehe 1 Desemba.

Tafuta Biblia, penseli, karatasi 3 za A4 na mkebe wa plastiki wenye kifuniko kinachobana. Kunja kila karatasi katikati mara 3, ukate vipande 8; jumla 24. Kopo la bati liache. Hewa ya chumvi ya Mombasa hailisamehe bati, na ukingo ukishaota kutu, madoa huingia kwenye maandishi. (Mathayo 6:19 inapotaja nondo na kutu, mtu wa Pwani hahitaji mahubiri marefu.) Penseli nayo ina sababu: msimu wa kaskazi mikono hutoka jasho, na wino hutapakaa.

Injili ya Luka ina sura 24, moja kwa kila siku hadi mkesha. Isomwe kwa sauti baada ya chakula cha jioni, televisheni ikiwa imezimwa. Sura ya 1 ina aya 80. Igawe kwa wasomaji watatu au wanne, la sivyo watoto watasinzia kabla Zakaria hajafunguka kinywa. Tarehe 23 utasoma habari za msalaba huku jirani akipamba mti. Usiiruke. Mtoto wa horini alikuja kwa ajili ya hilo.

Kila baada ya kusoma, andika kwenye kipande zawadi moja uliyopokea siku hiyo, pamoja na tarehe, ukitie mkebeni. Hapa ndipo watu hukosea zaidi: wanaandika "amani", "upendo", "baraka". Ukilisoma neno kama hilo wiki tatu baadaye halikukumbushi kitu. Andika hivi: "Tarehe 7. Foleni ya feri, Likoni. Nilitaka kumfokea kijana aliyenipita, nikakumbuka 'Msihukumu' ya jana. Nikanyamaza." Ukikosa siku, iache ipite, anayejaribu kufidia sura tatu usiku mmoja kwa kawaida huacha kabisa.

Msamaha haukai mkebeni. Kama kuna mtu uliyemkosea, mwendee kabla ya tarehe 20, maana baada ya hapo wenye kwao bara wanapanda mabasi. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Taja kosa lenyewe, omba radhi, kisha nyamaza. Neno "lakini" likitoka tu, umeanza kujitetea. Wala usimdai jibu mlangoni pake.

Ukimpelekea jirani Mwislamu sahani ya pilau, nyama iwe imechinjwa kihalali, na umwambie hivyo kabla hajalazimika kuuliza.

Tarehe 25 asubuhi rudia Luka 2:1–20. Tangu siku hiyo hadi Januari 5 ni siku 12 za Krismasi: kila jioni toa vipande 2 bila kuchagua, aliyeandika asome chake, na ombi la shukrani litaje jambo hilohilo. Huku ndiko kufikiri. Kipande cha siku ngumu kisomwe pia. Mara nyingi ndicho kinacholeta mazungumzo.

Januari 6, sikukuu ya Epifania, ya kukumbuka ujio wa mamajusi, soma Mathayo 2:1–12, kisha chagueni vipande 3, kama dhahabu, uvumba na manemane. Vibandikeni ndani ya jalada la nyuma la Biblia kwa gundi ya karatasi, tone moja kila pembe, na kitabu kiachwe wazi hadi gundi ikauke. Selotepu isitumike: kwa joto la hapa gundi yake hulainika, na mwaka ujao mtafungua jalada lililoshikana na Ufunuo.