Usiongeze kasi kabla hujapima kwa waya: rauta yangu ya Ujerumani na ya mama Mwanza

Nayaandika haya nikiwa barazani kwa mama, Nyegezi, likizo imebaki siku nne, na kila nikizikumbuka euro 360 zangu moyo unaniuma. Wewe uliyeko Hamburg, Leeds au Minneapolis na unayepiga nyumbani kila Jumapili, soma kabla hujampigia mtu wa kampuni yako ya intaneti kulalamika.

Ilianza hivi. Mwaka jana kila nikimpigia mama kwa video, sura yake inaganda mdomo ukiwa wazi, sauti inakuja kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mdogo wangu, ambaye amejiteua kuwa fundi wa mitandao pale nyumbani, akasema, "Kaka, huku bando lipo la kutosha, shida itakuwa huko kwenu." Nikamwamini. Ndugu zetu wana hili, na nalisema kwa upendo: mtu akiona bando halijaisha anajua intaneti ni nzima. Bando ni maji yaliyomo kwenye simtank. Bomba limeziba wapi, hiyo ni habari nyingine.

Basi nikapiga simu kampuni. Dada aliyepokea, sauti ya asali, hakuniuliza rauta nimeiweka wapi wala kama nimepima chochote. Akaniambia kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde niliyonayo si ajabu video kuganda, kuna kifurushi cha 250, nyongeza ni euro 15 tu kwa mwezi. Nikakubali. Ikaja baruapepe yenye muhtasari wa mkataba na mahali pa kubonyeza kuthibitisha. Nikabonyeza nikiwa kwenye tramu, sijasoma hata mstari.

Mtego ulikuwa hapo. Tangu Desemba 2021 sheria ya mawasiliano ya Ujerumani inasema mkataba wa namna hii uliofanywa kwa simu hauna nguvu mpaka mteja apate muhtasari na auidhinishe kwa maandishi. Yaani ile baruapepe ndiyo ulikuwa mlango wangu wa kutokea, nikaufunga mwenyewe kwa kidole gumba. Ndani imeandikwa bila kificho: miezi 24 inaanza upya. Mkataba wangu wa zamani ulikuwa umebakiza miezi miwili! Na hata baada ya kubonyeza nilikuwa na siku 14 za kujitoa, hizo wanaziita Widerruf. Nikazimaliza zote nikiipa kasi mpya "muda wa kutulia", maana dada wa asali alinishauri nisiwe na haraka. Siku ya 20 sura ya mama bado inaganda.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia: usiongeze kasi kabla hujapima kwa waya. Chomeka laptop kwenye rauta kwa waya wa mtandao, zima waifai, pima. Kisha pima kwa waifai ukiwa umbali wa mita moja, kisha ukiwa kitandani. Waya ukitoa kasi yote na kitandani ukapata robo, dawa ni kuihamisha rauta. Waya wenyewe ukiwa dhaifu, hapo ndipo una kesi na kampuni. Kwa Ujerumani, mamlaka yao ya mawasiliano, Bundesnetzagentur, ina programu ya bure ya kupimia. Vinatakiwa vipimo 30 vilivyogawanywa katika siku tatu tofauti, na matokeo yakiwa mabaya unadai kupunguziwa malipo.

Mimi nilipima siku ya 21. Waya ulitoa 240 na ushee, kitandani 90. Simu ya video haili hata 5. Kwa hiyo ile 50 ya zamani ilikuwa inatosha na chenji inabaki. Ugonjwa haukuwa kwangu kabisa.

Niseme neno kuhusu wenyeji wetu. Mjerumani hakudanganyi kwenye karatasi. Atakuandikia kila kitu, kurasa sita, herufi kama chawa, halafu anahesabu umesoma. Sisi tumelelewa tofauti: mtu akikuambia kwa mdomo, tena kwa heshima, hayo ndiyo makubaliano. Kule mdomo ni mapambo. Na akishaandika haondoki. Pale ziwani kuna jiwe walilolipa jina la kansela wao, Bismarck. Wenyewe waliondolewa Mwanza mwaka 1916, jina lipo mpaka leo na watalii wanalipiga picha. Mkataba wao una tabia za jiwe lile.

Sasa upande wa Mwanza, ambako nilirudia ujinga uleule. Badala ya kuuliza rauta ya mama iko wapi, nikamtumia mdogo wangu hela ya bando kubwa zaidi, mara tatu. Juzi nimefika, nikaikuta yenyewe: ndani ya kabati la vioo sebuleni, katikati ya vikombe vya wageni, nyuma yake kioo cha kujitazamia, mbele yake televisheni, na juu kitambaa cha kufuma. Ukiigusa ni ya moto kama chapati. Mama anasema ni kitu cha thamani, hakiwezi kukaa ovyo.

Rauta ya laini ya simu ina mabwana wawili. Inataka kuuona mnara, kwa hiyo inapenda dirishani na juu. Inataka pia kuzifikia simu za nyumbani, kwa hiyo inapenda katikati ya nyumba. Wa faiba, intaneti inayokuja kwa waya mpaka nyumbani, hawana taabu hii ya kwanza, waya unawaletea, ingawa fundi akiachwa ataifunga palepale waya ulipoingilia. Na Mwanza ni jiji la mawe: nyumba ya mama imeegemea mwamba mkubwa kama basi, na mnara uko ng'ambo yake. Nikafungua ukurasa wa rauta penye namba ya nguvu ya mnara, ile inayoandikwa kwa hasi, tukazunguka nyumba nzima, mpwa wangu akisoma kwa sauti. Kabatini: hasi 112. Dirisha la chumba cha wageni: hasi 94. Kadiri inavyosogea kwenye sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Bando ni lilelile, na video ya mama ikaacha kuganda hapohapo.

Tatizo likabaki waifai ya sebuleni, kuta tatu za tofali mbele. Hapo ikafufuka ile "rauta ya Ulaya" ambayo mpwa aliniomba miaka miwili iliyopita akiamini ina nguvu kuliko za Kariakoo. Haina. Kwenye gigahezi 2.4, masafa ya waifai yanayofika mbali zaidi, sheria ya Ulaya inaibana isizidi milliwati 100, na hata ingekuwa na nguvu ya redio ya taifa, simu yako nayo lazima iweze kuijibu. Tena ile ilikuwa ya waya wa simu ya mezani, haina hata mahali pa kuweka laini, ndiyo maana ilikuwa imelala stoo. Nikaizima ile kazi yake ya kugawia simu na laptop anwani za mtandao, maana rauta ya laini inaifanya tayari, nikaipa anwani yake isigongane na ya kwanza, nikavuta waya wa mita 15 kutoka chumba cha wageni, nikaiweka juu ya rafu sebuleni, mbali na friji na kioo. Nimetoboa ukuta siku ya Jumapili, kitu ambacho kule jirani angeniitia polisi.

Mengine kwa kifupi. Laini isajiliwe kwa NIDA, kitambulisho cha taifa, na alama za vidole za mzazi mwenyewe, usikubali laini ya "kijana mmoja namjua". Nunua betri ndogo ya rauta ya volti 12, umeme ukikatika intaneti inabaki. Radi za ziwani mnazijua, hasa za usiku: wingu likitanda, chomoa plagi.

Kwa walio Ujerumani: tangu Julai 2022 tovuti ya kampuni inayouza mikataba mtandaoni lazima iwe na kitufe cha kuivunja. Wangu unaisha Machi. Kitufe nimekibonyeza, uthibitisho nimeuchapisha, na safari hii nimeusoma mpaka ukurasa wa sita.