Mzizi wa Kigiriki "lysis" na jinsi ya kuzisoma istilahi zake

Katika Kigiriki cha kale, neno lysis lilimaanisha kufungua, kulegeza au kuachanisha, na ndilo lililozaa kiishio "-lisisi" tunachokikuta katika kemia, biolojia na tiba.

Hatua ya kwanza: tenga kiishio hicho, kisha utazame kilichobaki mbele yake. Katika "elektrolisisi", istilahi iliyotangazwa na Michael Faraday mwaka 1834, unabaki umeme; katika "haidrolisisi" yanabaki maji, na katika "hemolisisi" inabaki damu.

Hatua ya pili ndiyo inayohitaji umakini zaidi. Jiulize kama hicho kilichobaki kinavunja au kinavunjwa, kwa sababu kiishio chenyewe hakisemi. Umeme huvunja: ukipitishwa katika maji yaliyotiwa asidi kidogo, maji hugawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Damu, kinyume chake, huvunjwa, kwani katika hemolisisi chembe nyekundu hupasuka na kumwaga himoglobini, protini yake inayobeba oksijeni. Wanafunzi wengi hukwama kwenye haidrolisisi wakidhani kwamba maji ndiyo yanayolengwa, ilhali molekuli ya maji ndiyo inayoingia kwenye kiungo cha kikemia kinachoshikanisha sehemu za molekuli nyingine na kukikata, ingawa nayo hugawanyika katika kazi hiyo. Hivyo ndivyo sukrosi, yaani sukari ya mezani, inavyogeuka kuwa glukosi na fruktosi.

Hatua ya tatu: hakikisha jibu lako kwa kuutazama mmenyuko wenyewe. Katika glikolisisi ("gliko-" ni sukari), molekuli moja ya glukosi hutoa mbili ndogo zaidi, za piruvati, kwa hiyo sukari ndiyo inayovunjwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, katika dayalisisi ya wagonjwa wa figo kinavunjwa nini?

Jibu: Hakivunjwi kitu. Thomas Graham, mkemia wa Uskoti aliyelitumia neno hilo mwaka 1861, alikuwa akitenganisha vitu vilivyoyeyuka kwa utando unaopitisha molekuli ndogo na kuzuia kubwa. Hapo imebaki maana ya kale ya kuachanisha, na urea, taka ya mwili, hutoka katika damu ikiwa urea ileile.

Swali: Je, "lisosomu" ni ya ukoo huohuo?

Jibu: Ndiyo, ila mzizi umehamia mwanzoni, "soma" kwa Kigiriki ni mwili. Christian de Duve alikipa jina hilo mwaka 1955 kijimwili cha seli kilichojaa vimeng'enya (protini zinazoharakisha mimenyuko), ambavyo kazi yake kubwa ni haidrolisisi.