Injini ya boti ikigoma kuwaka, fungua plagi kwanza

Kwa wenye injini za zamani za kuchanganya petroli na oili pale Bwawa la Mtera: kabla hujagusa kabureta (wengi hukimbilia huko, na ndiko wanakoharibu), vuta choki (inayopunguza hewa ili petroli izidi), vuta kamba mara kadhaa, kisha fungua plagi, ile inayotoa cheche, uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Legeza kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tenki, halafu minya pampu ya mpira, mshale wake ukielekea injini na ukitazama juu, mpaka iwe ngumu. Isipokaza, huenda kuna hewa inaingia kwenye mpira wa petroli au viungio vyake. Plagi ikiwa imelowa, petroli ipo. Shida ni cheche au umeizidishia injini petroli. Hakikisha klipu ya kuzimia injini imekaa mahali pake, kausha plagi, rudisha choki, vuta kamba plagi ikiwa nje ili petroli iliyojaa itoke, kisha irudishe ujaribu tena. Usipime cheche karibu na tundu la plagi, mvuke wa petroli unashika moto. Njia hii inakugawanyia tatizo sehemu mbili, petroli au cheche, hivyo hufungui injini nzima bure. Ila njia hii inadanganya ikiwa petroli imekaa miezi au ina maji: plagi italowa na injini haitawaka. Nayo kamba ikivutika laini kama haina mzigo, plagi ikiwa ndani, mgandamizo wa silinda umekwisha. Hapo huenda ni ringi za pistoni, tafuta fundi. Plagi mpya moja ikae botini daima, maana plagi ya zamani huweza kutoa cheche nje na kufa ikiwa ndani.