Kabla hujaitupa laptopu iliyokataliwa na Windows 11

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na laptopu nyingi nzima za mtumba zikaachwa njiani. Kinachoudhi ni kwamba ukurasa wa masasisho unakwambia tu kompyuta haikidhi vigezo. Haukuoneshi palepale kama tatizo ni prosesa, ambayo huwezi kuibadili, au ni mpangilio uliozimwa, unaorekebishika kwa nusu saa.

Anza na prosesa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha usome mstari wa Processor. Kwenye i5-8250U tarakimu inayofuata kistari ni 8, yaani kizazi cha nane: inapita. i5-6300U na i5-7200U hazipiti, hata ukiongeza RAM hadi GB 16.

Hapohapo tazama BIOS Mode. Ikiwa imeandikwa Legacy, Windows iliwekwa kwa njia ya zamani na diski inahitaji kugeuzwa. Kisha fungua tena kisanduku cha Windows na R, uandike tpm.msc ili uangalie TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Unatafuta toleo 2.0. Ukiambiwa TPM haipo, usiamini haraka. Kwa prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, mara nyingi imezimwa tu.

Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili yako nje ya laptopu. Kama BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga data ya diski) imewashwa, hifadhi ufunguo wake wa tarakimu 48 kisha uisimamishe kwa muda, la sivyo laptopu itakudai ufunguo huo ikiwaka.

Kugeuza diski, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali, rudia amri ileile ukiweka /convert badala ya /validate. Ikikataa, hesabu sehemu za diski (partitions) kwanza: zikizidi tatu za msingi, haitakubali. Ukishageuza, zima laptopu, iwashe tena na uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla Windows haijawaka: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Badili Legacy kuwa UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta), washa TPM (kwenye baadhi ya mashine za Intel imeandikwa PTT), halafu Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka). Usichague Clear TPM. Mfuatano huu wa hatua una sababu: ukiweka UEFI kabla ya kugeuza diski, Windows haiwaki. Likikutokea hilo, rudisha Legacy; data haijapotea.

Kwa kizazi cha sita na cha saba, ipo njia ya kuruka vigezo kwa flashi iliyotengenezwa na Rufus, programu ya kuandaa flashi za kuwekea Windows. Inafanya kazi, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho, kwa hiyo hatuishauri kwa laptopu ya ofisi au unayofanyia malipo. Afadhali ubaki Windows 10 toleo 22H2 na ujiandikishe kwenye ESU (mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada) kupitia ukurasa wa Windows Update. Mpango huo unakupa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Ada ni dola 30, ila ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe huko, hulipi kitu.

Njia ya kudumu zaidi ni Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows. RAM ya GB 4 inatosha kuanzia, pamoja na flashi ya GB 8. Washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuiweka kwenye diski (F9 kwa HP, F12 kwa Dell na ThinkPad) ujaribu sauti, kamera, printa na Wi-Fi. Wi-Fi ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti, kisha fungua Driver Manager. Kadi za Broadcom ndizo husumbua zaidi. Ukibonyeza Install na kuchagua kufuta diski, Windows na mafaili yote yanaondoka.