Kujulikana na Mungu Bila Kuogopa: Wiki Moja na Zaburi ya 139

Ukiishi Tukuyu, Ilula au Makambako huhitaji kuelezwa maana ya kujulikana. Ukishusha kitanda kipya asubuhi, jioni mama wa nyumba ya tatu anakupa hongera, na bei anaijua. Ukionekana kwenye dirisha la CTC, kliniki ya dawa za VVU, habari inatangulia kufika nyumbani. Ndiyo maana wapo wanaopanda gari kutoka Rungwe hadi Mbeya mjini kufuata dawa zilezile zinazotolewa kituo cha jirani. Mtu aliyezoea hayo akisikia mahubiri kwamba Mungu anajua yote, hapumziki. Anajikunyata. Kwake Mungu ni jirani mwingine, tena huyu halali wala hasafiri.

Mwongozo huu ni wa Mkristo wa namna hiyo. Anaamini, anasali, lakini sala yake ni kama chumba kilichofagiliwa kwa ajili ya mgeni. Kinachohitajika ni Biblia, daftari, kalamu na dakika 20 kila siku kwa siku saba. Zaburi ya 139 ina mistari 24 tu, kwa hiyo haraka haihitajiki.

Kwanza panga saa na mahali. Mwezi wa sita na wa saba, usijidanganye kuamka saa kumi alfajiri ukiwa Njombe au Makete. Utasali ukiwa ndani ya blanketi, na mstari wa tatu hutaufikia. Baada ya chai ya asubuhi panafaa, au jioni kabla ya taarifa ya habari. Nyumba ikiwa ya chumba kimoja na watoto wamejaa, tembea hadi shambani au omba ufunguo wa kanisa siku isiyo na ibada. Kama Biblia yako iko kwenye simu, zima data kabisa. Kuipunguza sauti hakusaidii.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: soma kwa Kiswahili, ila sali kwa lugha unayoitumia ukikasirika. Kwa wengi huku ni Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kisafwa. Kiswahili cha kanisani kina misemo iliyokwisha kuivishwa, nayo humsaidia mtu kuongea robo saa nzima bila kusema kitu.

Siku ya kwanza na ya pili: mstari wa 1 hadi wa 6

Soma kwa sauti mara mbili, taratibu. Kisha andika siku yako ya jana kwa saa, mistari kumi. Usitafute mambo makubwa. "Saa kumi na mbili, kuni mbichi, moshi. Saa mbili, nimefika sokoni, sikumsalimia yule wa nyanya. Saa saba, nimecheka sana. Saa tatu usiku, nimelala na nguo." Ukimaliza, rudi juu na baada ya kila mstari sema: Hili ulilijua.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Zoezi linageuka orodha ya dhambi, na kufikia siku ya pili mtu amechoka, daftari limefungwa. Sababu ni kwamba tumefundishwa kujichunguza kwa ajili ya kutubu tu. Lakini tazama anayoyataja Daudi mwanzoni: kuketi, kuondoka, kwenda, kulala, neno kabla halijatoka mdomoni. Hakuna kosa hata moja humo. Kwa hiyo jiwekee kiwango: katika mistari kumi, makosa yasizidi matatu. Saba iliyobaki iwe uchovu, furaha ndogo, na kazi uliyoifanya ambayo hakuna aliyesema asante.

Mstari wa 5 unasema amekuzingira nyuma na mbele. Anayekimbia ataona hapo amezuiwa. Anayekimbizwa ataona amekingwa. Tofauti iko katika swali moja ambalo inafaa ulikalie siku ya pili nzima: huyu anayenijua ameamua nini juu yangu?

Uchumba huvunjika, na kazi hupotea, kwa sababu ya habari iliyochelewa kufika. Mtu alikupenda akiwa hajui, kisha akajua. Hofu yetu karibu yote imejengwa hapo, kwamba iko siku yule anayetuheshimu ataambiwa jambo ambalo hakulijua. Sasa soma Warumi 5:8. Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Uamuzi ulifanyika taarifa zote zikiwa mezani, pamoja na zile ambazo wewe mwenyewe hujazifikia bado. Hakuna kitu kitakachomfikia Mungu mwaka ujao na kumfanya aseme, "Kumbe ndivyo ulivyo." Hapo ndipo faraja ilipo. Mtu asiyepafikia, siku zinazofuata zitamtisha tu, kwa hiyo kama siku mbili hazitoshi, kaa nne.

Siku ya tatu: mstari wa 7 hadi wa 12

Zaburi inabadilika. Daudi anauliza akimbilie wapi, na hakemewi kwa kuuliza. Andika mahali pamoja tu ambapo unaishi kama vile Mungu hayupo: gesti, ofisini, mezani unapohesabu pesa za kikundi, ndani ya simu yenye nywila. Kisha soma mstari wa 8 ukiweka jina la mahali hapo penye neno kuzimu, na umalizie kama ulivyoandikwa: "Wewe uko." Usiongeze ahadi. Ahadi za haraka ni njia nyingine ya kufunga mlango.

Siku ya nne: mstari wa 13 hadi wa 18

Siku hii ni ya mwili. Weka mkono mahali pa mwili wako unapopaonea aibu, au pale watu wanapopaonea aibu kwa niaba yako: tumbo lisilobeba mimba, mguu, ngozi, damu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 uliitaja mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya kuwa inaongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, Njombe ikiwa na zaidi ya asilimia 12 ya watu wa miaka 15 na kuendelea. Maana yake ni kwamba katika benchi moja la kanisa huku kwetu yupo anayesoma "nimeumbwa kwa jinsi ya ajabu" akiwa na kopo la vidonge ndani ya mkoba, limefungwa kitambaa lisilie. Mstari huu ni wake pia. Wala haumwambii aache dawa. Anayesema, "Mungu amekuona, tupa vidonge," amekosea vibaya: ukiacha, virusi huongezeka tena ndani ya wiki chache, na vinaweza kuwa sugu kwa dawa ile uliyokuwa unatumia.

Siku ya tano: mstari wa 19 hadi wa 22

Wasomaji wengi kanisani huiruka. Usiiruke. Daudi, katikati ya maneno matamu, anamwambia Mungu wazi kwamba anachukia. Kama una mgogoro wa shamba au mirathi, au unaamini kuna mtu amekuloga, andika herufi ya kwanza ya jina lake na useme unachokisikia moyoni. Mungu analijua tayari, na kwake halitoki kwenda kuchoma nyumba ya mtu. Kosa la kuepuka ni kwenda kwa mganga, au kwa nabii, akuthibitishie jina.

Siku ya sita: mstari wa 23 na wa 24

Sasa ndiyo siku ya kutubu, wala si kabla. Mstari wa 1 unasema "umenichunguza". Huu wa 23 unaomba "unichunguze". Aliyekwisha kujua kwamba anajulikana na hajatupwa, ndiye anayeweza kuomba kuchunguzwa bila kutetemeka.

Soma, kisha kaa kimya dakika tano. Chukua jambo moja tu. Litaje kwa nani, lini, wapi na kiasi gani. Sala ya "unisamehe makosa yangu yote, ya kujua na ya kutojua" ni halali, lakini haifungui kitu. Linganisha na hii: "Bwana, Ijumaa nilimwambia yule bibi kwamba mbolea imeisha, na mifuko miwili ya kilo 50 ilikuwa nyuma. Nilimwekea shemeji." Au: "Nilinunua viazi kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, nikalipia kama gunia la kawaida, na nilijua." Baada ya hapo soma 1 Yohana 1:9. Kama kuna cha kurudisha, andika kiasi na tarehe. Zakayo, katika Luka 19:8, alitaja hesabu kabisa, mara nne.

Utajuaje kama ni Mungu anayekuonyesha au ni hatia tu inayokutesa? Mungu hutaja jambo, na jambo lina hatua ya kufuata. Hatia ya bure haitaji kitu. Inasema "wewe ni mbaya" na inaishia hapo, kisha kesho inarudia.

Kama unahitaji kumwambia mtu

Yakobo 5:16 inasema tuungamiane. Haisemi tuungame kwa kila mtu. Mkatoliki ana kitubio, na padre hana ruhusa ya kufichua alichoungamiwa, iwe kwa sababu yoyote ile. Mlutheri, Mmoravian na wengine watamwendea mchungaji au mzee wa kanisa mmoja. Kipimo ni hiki: je, amewahi kukusimulia siri ya mtu mwingine? Kama ndiyo, na yako itasimuliwa. Usilipeleke jambo kwenye jumuiya likiwa limevikwa vazi la ombi, wala kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Kama unapigwa nyumbani au kuna mtoto anayeumizwa, hilo si la kuungama. Ni la Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure.

Na hawa wanaofunua siri za watu kwenye kipaza sauti, mbele ya umati? Soma Yohana 4 polepole. Yesu alimtajia mwanamke Msamaria waume zake watano, lakini angalia mstari wa 8: wanafunzi walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula. Walikuwa wawili tu kisimani. Aliyekwenda kuwaambia watu wa mji ni mwanamke mwenyewe, kwa hiari yake, na alikwenda akiwa na furaha. Ukivuliwa nguo hadharani na ukaondoka umeinamisha kichwa, huku sadaka ikipitishwa, usimsingizie Mungu.

Siku ya saba

Usiandike kitu. Soma Yohana 21:15 hadi 17. Petro, aliyemkana Bwana mara tatu, hajitetei, anasema tu, "Bwana, wewe wajua yote." Sema hivyo, kisha nyamaza hadi dakika zako ziishe.

Huenda usisikie chochote. Ni kawaida, hasa kwa waliolelewa kwa viboko. Kwa hao 1 Yohana 3:20 inafaa kuliko Zaburi yenyewe, maana inasema moyo wetu ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu. Ila kama usingizi umekata kwa zaidi ya wiki mbili, huli, au unawaza kujiua, muone daktari wiki hiyohiyo, na umwambie mtu mmoja leo. Sala iendelee sambamba.

Daftari usiliache chini ya godoro. Chana kurasa za siku ya tano na ya sita, zitie kwenye jiko. Zilizobaki unaweza kuzihifadhi. Usirudie wiki nzima mara moja. Rudia siku ya sita peke yake, jioni ya kuamkia Meza ya Bwana au kabla ya kitubio. Ukikuta orodha ya dhambi imeanza tena kurefuka, rudi kwenye mistari kumi ya siku ya kwanza.