Jinsi ya kuwapima wapigaji na walinzi wa timu yako ya besiboli kabla ya msimu

Kila Februari, kambi za mazoezi zinapofunguliwa Florida na Arizona, shabiki wa ligi kuu ya Marekani, MLB, huandika majina tisa ya wanaoanza, akampa kila mmoja alama, kisha akajumlisha. Tatizo haliko kwenye alama. Tatizo ni kwamba majina hayo tisa hayatacheza msimu mzima. Ili mchezaji ahesabike katika kinyang'anyiro cha wastani bora wa upigaji anahitaji zamu 502 za kupiga, na kwa kawaida wanaofika hapo ni wanne au watano tu kwa kila timu. Kwa hiyo anza kwa kugawa zamu. Uwezo wa mtu mmoja mmoja utaupima ukishajua atapiga mara ngapi.

Hapa tunazungumzia wachezaji wote wasio warushaji. Warushaji wana hesabu yao tofauti kabisa.

Jaza jedwali la zamu

Timu hucheza mechi 162 na kupata takriban zamu 6,100 za kupiga. Ukizigawa kwa nafasi tisa, kila nafasi ina zamu kama 680. Chora safu tisa: mdakaji (anayepokea mipira nyuma ya mpigaji), besi ya kwanza, besi ya pili, besi ya tatu, shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu), uwanja wa nje kushoto, katikati na kulia, na mpigaji teule, anayepiga bila kulinda, ambaye tangu 2022 anatumika katika ligi zote mbili. Kila safu ijaze majina mpaka 680 zitimie. Jina moja lisimeze safu nzima.

Zamu za mtu utazikadiria hivi: chukua nusu ya zamu zake za mwaka jana, ongeza sehemu ya kumi ya zamu za mwaka juzi, halafu ongeza 200. Aliyepata 600 mwaka jana na 500 mwaka juzi anapewa 300 + 50 + 200, yaani 550. Mashabiki wengi huona nyota wao amepunjwa hapo. Hajapunjwa: hesabu hiyo tayari imebeba misuli ya paja inayokazika, vidole vinavyovunjwa na mpira, na siku za kupumzishwa. Hii ni sehemu ya njia inayoitwa Marcel, iliyotungwa na mchambuzi wa takwimu za besiboli Tom Tango, na pamoja na urahisi wake ni vigumu kuishinda kwa kukisia.

Njia hiyo hukosea kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni kijana aliyepandishwa kutoka ligi ndogo Agosti: atapewa zamu chache mno, kwa hiyo mwangalie nani mwingine anaweza kucheza nafasi yake, na kama hakuna, mwongezee. Wa pili ni anayerudi kutoka upasuaji. Kwake hesabu miezi, usitumie kanuni. Asiporudi mpaka Juni, theluthi ya msimu imeshapita.

Mdakaji mtendee peke yake. Kuchuchumaa usiku baada ya usiku kunachosha magoti, na wachache huanza zaidi ya mechi 120. Mpe wa kwanza zamu 420 hadi 450, zilizobaki mpe msaidizi, na umpime huyo msaidizi kwa makini yaleyale. Kumbuka pia mpangilio wa upigaji: kila hatua unayoshuka katika orodha hupunguza zamu kama 18 kwa msimu, hivyo wa kwanza humzidi wa tisa kwa zamu 140 hivi.

Sasa tazama jumla. Hata ukiwapa wachezaji wako tisa wastani wa zamu 520 kila mmoja, wanafikisha 4,680. Zinabaki 1,420, karibu robo ya msimu mzima, na zote ni za benchi na za watakaopandishwa kutoka ligi ndogo. Kikosi kina watu 26, warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13, kwa hiyo benchi ni watu wanne, na mmoja wao ni mdakaji wa akiba. Ukiwa na muda wa kuchunguza wachezaji watano tu kwa kina, wawili watoke benchi.

Kadiria upigaji kwa miaka mitatu

Mwaka mmoja haukutoshi. Chukua misimu mitatu na uipe uzito wa 5 kwa wa karibuni, 4 kwa uliotangulia na 3 kwa wa kwanza. Kisha changanya na zamu 1,200 za mchezaji wa wastani wa ligi, ili kuzuia bahati isikudanganye.

Tuseme mtu alifika besi kwa kiwango cha 0.360 katika zamu 600 mwaka jana, 0.330 katika zamu 500 mwaka juzi, na 0.320 katika zamu 400 kabla ya hapo, na wastani wa ligi ni 0.315. Zamu zenye uzito ni 3,000, 2,000 na 1,200, jumla 6,200. Mara alizofika besi, kwa uzito huohuo, ni 1,080, 660 na 384, jumla 2,124. Ongeza 378 za wastani wa ligi, upate 2,502. Gawa kwa 7,400: jibu ni 0.338. Kama ana miaka 33, punguza asilimia 0.3 kwa kila mwaka uliozidi 29, abaki na 0.334. Kwa aliye chini ya 29 ongeza asilimia 0.6 kwa kila mwaka. Kwa hiyo yule mtu wa 0.360 mtarajie kwenye 0.334. Umbali kati ya namba hizo mbili ndio unaowaumiza mashabiki kila Mei.

Baada ya hesabu, tafuta sababu ya kuisogeza juu au chini. Anza na mipira iliyopigwa ikabaki uwanjani, ukiacha homurani (mpira unaopigwa nje ya uwanja). Katika ligi nzima, takriban 0.290 hadi 0.300 ya mipira hiyo hugeuka hiti, yaani mpigaji hufika besi salama. Aliyepata 0.360 mwaka jana ama ana mbio za kweli, ama hupiga kwa nguvu isiyo ya kawaida, ama alibahatika. Viwanja vyote vya MLB vimekuwa na vifaa vya Statcast, vinavyopima kasi ya mpira na ya wachezaji, tangu 2015, kwa hiyo unaweza kujua. Mpira unaotoka kwenye gongo kwa kasi ya kilomita 153 kwa saa au zaidi huhesabiwa umepigwa kwa nguvu. Kama sehemu ya mipira ya nguvu ilibaki ileile huku wastani ukishuka, msamehe. Kama ilipungua, na straiki tatu (kutolewa kwa kushindwa kuupiga mpira) zikaongezeka, na mtu ana miaka 33, huko ni kuzeeka, na hakurudi nyuma.

Kwa mbio, wastani wa ligi ni kama mita 8.2 kwa sekunde, na wenye kasi ya juu kabisa hufika 9.1. Miguu hupungua mapema kuliko nguvu ya mikono, kwa hiyo mchezaji wa miaka 30 aliyeishi kwa kukimbia mtilie shaka kabla ya mpiga homurani wa umri uleule.

Uwanja nao uhesabu. Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na mpira huruka mbali, lakini ni mechi 81 tu zinazochezwa nyumbani, kwa hiyo ondoa nusu ya faida ya uwanja, si yote. Usichukue pia namba za ugenini za mchezaji wa Denver kana kwamba ndizo ukweli wake. Mpira wa kupinda haupindi sana katika hewa nyepesi, na jicho hulazimika kuzoea upya kila wanaposafiri.

Angalia mwisho mkono. Takriban zamu 7 kati ya 10 hupigwa dhidi ya warushaji wa mkono wa kulia. Mpigaji wa kushoto asiyewaweza warushaji wa kushoto bado ni mali ikiwa ana mwenzake wa kulia: gawa safu yao 480 kwa 200, kisha kila mmoja mkadirie kwa upande wake tu. Timu zinazofanya hivi vizuri hupata mchezaji mzuri kutoka kwa wawili wa kawaida.

Nafasi ina thamani yake

Hapa ndipo tathmini nyingi za mashabiki huharibika. Kwa msimu mzima, tovuti ya takwimu ya FanGraphs humwongezea mdakaji mikimbio (pointi za mchezo) 12.5, shotistopu 7.5, na wachezaji wa besi ya pili, besi ya tatu na uwanja wa katikati 2.5. Hupunguza 7.5 kwa kushoto na kulia, 12.5 kwa besi ya kwanza, na 17.5 kwa mpigaji teule. Mchezaji wa besi ya kwanza anayezidi wastani wa upigaji kwa mikimbio 15 anabaki na 2.5. Shotistopu anayepiga kwa wastani tu ana 7.5, na anamshinda.

Ongeza mikimbio 19 hivi kwa kila zamu 600, kwa kuwa unamlinganisha na mchezaji wa akiba anayepatikana kwa urahisi. Ongeza au toa ulinzi wake, lakini kwa ulinzi tumia misimu mitatu na uukate kwa nusu, maana vipimo vyake huyumba sana mwaka hadi mwaka. Gawa jumla kwa 10, upate idadi ya ushindi anaouongezea timu.

Sheria pia hubadilisha thamani. Tangu 2023 walinzi wawili wa ndani lazima wawe kila upande wa besi ya pili, kwa hiyo besi ya pili inahitaji miguu zaidi kuliko zamani. Mwaka huohuo besi zilipanuliwa na mrushaji akawekewa kikomo cha kumsumbua mkimbiaji: wizi wa besi ulipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Mdakaji mwenye mkono dhaifu anagharimu zaidi sasa. Na kuanzia 2026, timu zinaweza kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa straiki kwa msaada wa mitambo, kila timu ikianza na rufaa mbili, hivyo ule ufundi wa mdakaji wa kumfanya mwamuzi aone straiki punguzia thamani kidogo. Usiufute.

Kwa timu ya wastani, jumla ya wasio warushaji ni ushindi 19 hivi juu ya kiwango cha akiba. Kama timu iliyokuwa ya katikati mwaka jana imekutolea 30, rudi kwenye zamu kwanza: huenda umejaza 6,800 badala ya 6,100.

Mechi za kambi zitumie kwa mambo machache

Wastani wa upigaji wa Machi uachane nao. Mwanzo wa mechi mrushaji anajaribu mpira mpya, mwisho wa mechi anayerusha ni kijana wa ligi ndogo, na Arizona hewa kavu husukuma mipira mbali. Kinachoanza kusema kitu mapema ni kiwango cha straiki tatu, baada ya zamu kama 60, na mchezaji wa kudumu hukaribia hapo kambini. Besi za bure (mpigaji anazopewa mrushaji akikosa shabaha mara nne) zinahitaji 120.

Fuatilia zaidi nani anacheza wapi. Mchezaji wa besi ya tatu akipangwa kushoto mara nne kwa wiki, hamisha zamu zake leo. Angalia pia nani amemaliza miaka yake mitatu ya kuweza kushushwa ligi ndogo. Huyo hawezi kuteremshwa bila timu nyingine kupewa nafasi ya kumchukua, na mara nyingi humshinda mwenzake bora zaidi kupata kiti cha mwisho benchini. Orodha ya 26 ikitangazwa, chukua zamu za aliyekatwa, wape waliobaki katika safu ileile, kisha hakikisha kila safu bado inasoma 680.